Maswali Yenu: Utepe Mweusi, Shada na Upepo wa Kusi

Barua za mwezi huu zimetoka Malindi na vitongoji vyake, na karibu zote zinauliza jambo moja: vipi mtu apambe shughuli ya kumkumbuka marehemu isije ikafanana na harusi, na mapambo yasiporomoke kabla ya dua ya mwisho. Hatukuzijibu kwa urefu sawa kwa kuwa hazina uzito sawa.

Tepe 400 za kifuani

SWALI: Shule yetu iko Maweni. Tunaandaa kumbukumbu ya mwalimu wetu mkuu aliyefariki mwaka jana, na tunatarajia wanafunzi na wageni kama 400. Tunataka kila mmoja avae utepe mweusi kifuani. Tununue roli ngapi? Shule moja ya jirani ilifanya hivyo, na ilipofika saa nne nusu ya tepe zilikuwa zimeanguka mchangani. — Mwalimu, Maweni

JIBU: Mwalimu, piga hesabu kwanza ndipo uende dukani. Utepe wa kifuani unataka upana wa milimita 10 au 12 na urefu wa sentimita 14. Roli ya kawaida ya satini ni yadi 25, yaani mita 22.86. Kwa vipande vya sentimita 14 itakupa 163 kwenye karatasi. Kwenye kazi yenyewe, ukitoa ncha zilizochakaa na mkasi uliopotoka, weka 155. Watu 400 waongezee 40 wa akiba, maana wageni nao huja na wageni. Roli 3 zinatosha na kubaki. Wengi hukata sentimita 15 bila kufikiri. Roli hizo hizo 3 zitatoa kama 435 tu, na akiba haitimii.

Kabla ya kulipa, omba kipande kidogo ukijaribu. Kishike kwa koleo, kisogeze kwenye moto wa mshumaa. Poliesta hujikunja na kuacha tone gumu, na ndiyo unayoitaka, kwa sababu ncha zake hufungwa kwa moto zisifumuke. Ikiwaka na kuacha jivu lenye harufu ya karatasi, si poliesta; hiyo ncha zake utazipaka rangi ya kucha isiyo na rangi, kazi inayokula siku nzima kwa vipande 440.

Kata ncha kwa mshazari, zote mbili zikielekea upande mmoja. Zipitishe ubavuni mwa mwali, chini kwenye ubuluu, kwa muda wa kutamka neno moja. Ukizipitisha juu ya mwali utapata masizi. Kisha shika ncha mbili, zipishanishe upate kitanzi juu, na pale zinapokutana, kama sentimita 4 kutoka kileleni, piga mshono mmoja kwa uzi mweusi uliokunjwa mara mbili. Satini inayong'aa upande mmoja itaonyesha mgongo wake ndani ya kitanzi tu. Kwa utepe mdogo hilo si kosa. Watu watatu wakigawana kazi, mmoja akikata, mmoja akichoma na mmoja akishona, mtamaliza katika alasiri moja.

Sasa kilichowaangusha jirani zenu. Bila kuziona hatuwezi kuapa, lakini mara nyingi makosa ni mawili. La kwanza ni gundi ya bunduki mahali pa mshono. Gundi hiyo hulegea kwa joto, na sanduku la tepe likikaa ndani ya gari lililofungwa vioo kwenye jua la Malindi, mtafungua mkute vitanzi vimenyooka. La pili ni pini za fundi, zile nyembamba zenye kichwa, ambazo hutoka mtu akiinama mara moja. Nunua pini za kujifunga, zile za nepi, za urefu wa sentimita 2. Chukua za shaba, na uende na sumaku: ikivutwa, hiyo ni chuma kilichopakwa tu, na kwa hewa yetu ya chumvi jasho la asubuhi moja linaweza kuacha doa la kutu kwenye shati jeupe. Pini ipite nyuma ya mshono, ishike tabaka mbili za utepe, isishike moja.

Mambo mawili ya mavazi husahauliwa. Kanzu haina kola ya koti, na kitambaa chake chepesi huvutwa na pini kikaning'inia. Weka nyuma kipande cha kitambaa kigumu cha ukubwa wa sarafu, pini ipite hapo. Na utepe mweusi juu ya buibui hauonekani kabisa. Kwa akina mama tengenezeni utepe uleule juu ya kikadi cheupe cha sentimita 4 kwa 6, au shoneni uzi mweupe pembeni mwa utepe. Watoto wa darasa la kwanza na la pili wasipewe pini. Washoneeni mishono miwili kwenye mfuko wa shati, itafumuliwa jioni.

Bendera nusu mlingoti

SWALI: Chama chetu cha ushirika kimempoteza mwenyekiti. Je, tunaweza kushusha bendera ya Kenya iliyo mbele ya ofisi hadi nusu mlingoti, na kuifunga utepe mweusi? — Katibu, Gongoni

JIBU: Hapana, Bwana Katibu, kwa yote mawili. Kushusha bendera ya taifa nusu mlingoti ni alama ya maombolezo ya taifa na agizo lake hutoka kwa Rais. Bendera yenyewe inalindwa na sheria ya bendera, nembo na majina ya taifa, Sura ya 99, kwa hiyo haishonewi wala haitobolewi kwa pini. Mkiwa na bendera ya chama, hiyo ni yenu na mnaweza kuishusha.

Utaratibu ni huu, na watu wengi huukosea: bendera hupandishwa kwanza hadi kileleni, ikatulia kidogo, ndipo ikateremshwa polepole hadi katikati. Jioni hupandishwa tena hadi juu kabla ya kushushwa kabisa. Ukiifunga moja kwa moja katikati, mpita njia ataona kamba iliyokwama, hataona maombolezo. Kama bendera ya chama iko kwenye mti mfupi wa kushikwa mkononi, ambao hauna nusu yake, funga utepe mweusi wa upana wa sentimita 5 chini ya ncha ya mti, fundo moja na mikia miwili, urefu wa mikia ukaribiane na kimo cha bendera.

Shada kwenye kaburi, arobaini Mambrui

SWALI: Assalaam alaykum. Arobaini ya baba yetu imekaribia. Ndugu zetu wanaoishi Ulaya wamekuja na shada kubwa la maua ya plastiki na utepe wa zambarau wenye maandishi ya dhahabu. Wazee hapa wamenuna. Hatutaki kumvunja mtu moyo. Tufanyeje? — Binti wa marehemu, Mambrui

JIBU: Wa alaykum salaam, bibie. Hukumu ya dini muulizeni imamu wenu, na mumuulize kabla ya siku yenyewe wala si makaburini mbele ya watu. Lililo wazi ni kwamba shada na utepe wa zambarau ni desturi ya makanisani, na wazee wa pwani wakiliona juu ya kaburi la Mwislamu hawaoni pambo, wanaona ugeni. Hata plastiki yenyewe haifai: kwa jua letu inapauka na kuvunjika vipande vinavyobaki makaburini.

Lakini utepe wenyewe una kazi nzuri kwenye khitma. Msahafu husomwa kwa juzuu 30, na kila mwenye kusimamia khitma ya watu wengi anajua fujo iliyopo: juzuu ya saba imesomwa mara mbili, ya kumi na tisa haijaguswa. Nunueni utepe mweupe mwembamba wa milimita 6. Kateni vipande 30 vya sentimita 30, jumla mita 9, mchome ncha. Kila juzuu itiwe kipande kimoja ndani ya jalada la mbele, kikining'inia kwa chini. Msomaji akimaliza anakihamishia jalada la nyuma na kurudisha juzuu mezani. Msimamizi akitazama meza tu anajua zilizobaki. Msitie gundi wala pini.

Utepe wa zambarau ufumueni maandishi (ya dhahabu hubanduka kwa kucha, au kwa kitambaa kilichopashwa joto la pasi) na mkate vipande vya sentimita 40 vya kufungia vifurushi vya tende vya sadaka. Ndugu zenu wataona zawadi yao imetumika. Shada liwekwe sebuleni chini ya picha ya marehemu kama nyumba yenu ina desturi ya picha, la sivyo lirudi nao.

Mengine ya khitma mnayajua kuliko sisi: mikeka safi, udi chetezoni, marashi ya waridi kwenye mrashi. Neno moja juu ya asumini. Ni nzuri na inapatikana, ila kwetu kikuba, kile kishada cha maua cha kujipambia, ni cha furaha, na mama yenu aliye katika eda ya miezi minne na siku kumi hajipambi wala hajitii manukato. Msimwekee vikuba mahali anapokaa.

Shada la baharini

SWALI: Vijana wetu watatu walitoka na mashua mwezi wa saba wakati wa kusi, hawakurudi. Mwaka unatimia. Kijiji kinataka kutoka na mashua mbili kutupa shada baharini, lenye tepe za majina yao. Wengine wanasema tepe ziwe nyeusi, mama mmoja amekataa. Tusaidieni. — Mzee wa kijiji, Mayungu

JIBU: Pole, mzee wetu, wewe na kijiji kizima.

Tuanze na rangi, maana hapo ndipo penye jeraha. Mama aliyekataa utepe mweusi ana haki yake: hajaona mwili. Sheria ya Kenya nayo inamchukulia mtu kuwa amefariki akiwa hajasikika kwa miaka 7, na upande wa dini mambo ya mirathi na eda katika hali hiyo yapelekwe kwa kadhi. Kwa shughuli yenu tumieni nyeupe peke yake. Nyeupe haimlazimishi mtu kusema neno ambalo hajawa tayari kulisema.

Pili, msitupe satini. Satini ya poliesta ni plastiki. Haiozi, inazunguka majini hadi imsonge kasa au izibe nyavu za hao hao mnaowakumbuka. Kasa hutaga mayai kwenye fukwe hizi zetu. Bustani ya bahari ya Malindi imehifadhiwa tangu 1968, na plastiki za kutumia mara moja zimepigwa marufuku ndani ya maeneo yaliyohifadhiwa tangu tarehe 5 Juni 2020. Kama mnakusudia kuingia ndani ya mipaka ya hifadhi, semeni mapema na maafisa wa KWS, shirika la wanyamapori la Kenya. Ni bora zaidi mkae nje yake.

Utepe wenu uwe wa pamba. Wengi watakimbilia bafta kwa kuwa ni nyeupe na ni rahisi, ila bafta ni nguo ya sanda na yule mama ataitambua kabla mashua haijatoka. Chukueni marekani, kile kitambaa cha pamba kisichopaushwa. Mita moja yenye upana wa sentimita 90 itatoa vipande vingi kuliko mnavyohitaji: chaneni kwa mkono, msikate, vipande vya upana wa sentimita 4 na urefu wa sentimita 60. Kitambaa cha kuchanwa hufuata uzi wake na hakipindi. Majina yaandikwe kwa penseli nyeusi laini, mkandamizo wa nguvu. Kalamu ya wino itatawanyika tone la kwanza la maji likigusa, na jina la mtoto wa watu kugeuka doa mbele ya mamake ni jambo la kuepuka kwa gharama yoyote.

Shada lenyewe. Msinunue lile lililojengwa juu ya sponji ya kijani ya wauza maua. Ile haiozi, humeguka chembechembe na samaki huzila. Umbo lijengwe kwa mnazi. Pete ya kipenyo cha sentimita 40 inataka kamba ya usumba ya mzingo wa sentimita 126, nanyi kateni mita 4 ili isokotwe mara tatu na kubaki ya kufungia. Ili shada lielee vizuri, chini ya pete fungeni vipande 4 vya makumbi makavu, kila kimoja cha ukubwa wa kiganja, vikitazamana. Juu yake sukeni ukindu au majani mabichi ya mnazi, kisha chomekeni maua: bogenvilia ni nyepesi na Malindi haikosi. Mfungie kwa uzi wa pamba. Waya hapana, pini hapana, mshumaa hapana. Lijaribuni kwenye pipa la maji usiku kucha siku mbili kabla. Likiwa bado linaelea asubuhi, liko sawa. Lipimeni likiwa na maua na majina yake yote, maana pete tupu itawadanganya.

Wakati ndio mgumu. Mkitupa shada maji yakijaa, litarudi ufukweni kabla hamjafika nyumbani, na watoto watalikuta kwenye mwani. Tokeni maji yanapoanza kupwa, kama nusu saa baada ya kujaa kabisa, ili mkondo ulichukue nje. Siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, mkondo una nguvu zaidi kuliko siku za maji mafu. Ila mwezi wa saba upo upepo wa kusi, unaopiga kwa mshazari kuja pwani, na pambo jepesi linaloelea juu hufuata upepo kuliko mkondo. Ndiyo maana tunawashauri mambo mawili. Shughuli ifanywe asubuhi na mapema kabla upepo haujaamka. Na shada lisiachwe: lifungwe kwa kamba ya mita 15, literemshwe taratibu upande wa chini ya upepo, likae majini muda wote wa dua, kisha livutwe ndani na kurudishwa kijijini. Kinachoachwa baharini ni maua yaliyochambuliwa tu, kiganja kimoja kwa kila jamaa. Tepe tatu za majina wapewe mama watatu. Wakitaka kuziweka msahafuni, sandukuni au kwenye nguzo ya nyumba, ni zao.

Mzee, wewe unajua bahari kuliko mwandishi wa gazeti, lakini siku ya msiba watu hujaa mashua kupita kiasi na hakuna mwenye moyo wa kuwateremsha. Mchagueni nahodha mmoja mwenye sauti ya mwisho juu ya idadi, koti la kujiokolea kwa kila kichwa, na bahari ikiwa imechafuka fanyeni yote haya ufukweni.

Zambarau iliyochuja

SWALI: Kanisani kwetu tulipamba hema la ibada ya kumbukumbu kwa vitambaa vyeupe na tepe za zambarau. Manyunyu yalipita kidogo tu, vitambaa vyote vikawa na michirizi. Tumenunua vingine. Tuzuieje? — Dada wa kamati ya mapambo, Barani

JIBU: Dada, rangi zilizokolea kama zambarau, nyekundu na nyeusi huachia maji zikiwa hazikushikwa vizuri kiwandani. Lowesha kitambaa cheupe cha pamba, kikamue, kibane na utepe kati ya vigae viwili kwa dakika 5. Kikitoka na rangi, utepe huo usikae juu ya cheupe nje ya nyumba. Waweza kuulowesha kwenye maji baridi mara mbili tatu hadi maji yawe safi, ukauanika kivulini, lakini satini iliyolowa yaweza kupoteza mng'ao na ukakamavu, kwa hiyo badilisha kabla hujaharibu roli nzima.

Kwenye hema, adui mkubwa kuliko mvua ni upepo. Utepe mpana wa sentimita 10 ukiwa na mikia mirefu ni tanga. Kwa nguzo tumia upana wa sentimita 5, mita 1.2 kwa kila fundo la kipepeo; nguzo 12 zitakula mita 14.4, ndani ya roli moja. Fundo lenyewe usilifungie nguzoni. Tengeneza kipepeo mezani, likaze katikati kwa uzi, halafu uzi huo ndio ufungwe nguzoni, kimo cha mita 1.6. Juu zaidi ya hapo hakuna anayeliona aliyeketi, na upepo ni mkali. Kwa nguzo za chuma utepe huteleza. Zungushia kwanza kipande cha mpira wa tyubu ya baiskeli, ufunge juu yake. Kitambaa cha kuning'inia kati ya nguzo na nguzo kiwe na urefu wa mara moja na robo ya nafasi: nafasi ya mita 3, kitambaa mita 3.75. Kikizidi mara moja na nusu kinalegea kama cha harusi.

Hilo la harusi ndilo tunaloliona kila mara. Kamati hununua vitu vilevile, hubadilisha rangi, na kukaa kushangaa kwa nini kumbukumbu inafanana na sherehe. Tofauti iko kwenye kipimo. Chagueni mahali patatu tu pa kupambwa: mlangoni, meza ya picha, na mimbari. Viti viache. Tepe zilizofungwa nyuma ya viti 150 hazimkumbushi mtu marehemu, humkumbusha bili.

Mishumaa ikiwapo, iwe ndani ya fanusi zenye kioo, nusu mita kutoka kwa utepe wowote. Satini ya poliesta huyeyuka na kudondoka ikiwaka, na tone lake hushika ngozi.

Vigango vya kadibodi

SWALI: Kikundi chetu cha vijana kinataka kuweka shada kwa kumbukumbu ya Mekatilili wa Menza, aliyewaongoza Wagiriama kuwapinga Waingereza. Mmoja wetu amependekeza tuchonge vigango vya kadibodi jukwaani na kuvifunga vitambaa vyekundu, vyeupe na vyeusi. Ni sawa? — Vijana, Kakuyuni

JIBU: La kadibodi liacheni, vijana wetu. Kigango, ile nguzo ya mbao iliyochongwa, husimamishwa kwa ajili ya marehemu aliyekuwa wa Gohu, chama cha wazee wa heshima, na wengine huwekewa koma, nguzo ndogo zaidi. Vitambaa vile vinapofungwa ni sehemu ya kuongea na aliyekufa, si rangi za jukwaa. Isitoshe vigango vingi viliibwa na kuuzwa nje. Makumbusho moja ya Denver, Marekani, ilivirudisha 30 mwaka 2019. Kutengeneza vya bandia wakati wazee bado wanavitafuta vya kweli ni kutia chumvi kwenye kidonda. Hata mti mtupu ukifungwa vitambaa vya rangi hizo kiunoni utasomeka hivyohivyo. Mkizitaka rangi, zilazeni: kitambaa kimoja kirefu mbele ya meza, au mikanda ya wachezaji. Kabla ya hapo waulizeni wazee wa kaya, walinzi wa mila za Wamijikenda.

Shada ni jambo jingine na mnaweza kulifanya vizuri. Kipenyo cha sentimita 60, likisimama kwenye miguu mitatu na kulala nyuma kidogo. Likisimama wima kabisa, upepo mmoja tu unaliangusha kifudifudi mbele ya wageni. Mfungeni kokoto kilo 3 mguu wa nyuma. Utepe wa kupita katikati uwe wa sentimita 10. Hapa hesabu ya herufi huwashinda wengi. "KWA HESHIMA YA MEKATILILI" ni nafasi 25. Kila herufi ikichukua sentimita 3.5 ni sentimita 87.5, nanyi mna 60. Matokeo yake jina hukunjwa pembeni na kusomeka MEKATI. Andikeni MEKATILILI peke yake, sentimita 35, katikati, na miaka 1913–1914 kwenye mkia mmoja, jina la kikundi kwenye mwingine. Satini hunyonya wino na kuutawanya kufuata uzi, kwa hiyo pakeni kwanza wanga wa kufulia, mwepesi, ukauke, pigeni pasi ya moto mdogo, halafu mwandike kwa rangi ya kitambaa.

Na ngoma ikiwapo, kumbukeni kwamba kifudu, aliyoitumia Mekatilili kukusanya watu, ni ngoma ya msibani tangu asili. Hiyo inasema zaidi ya kadibodi yoyote.

Kwa ufupi

SWALI: Utepe mwekundu tuvae lini? — Msomaji, Muyeye

JIBU: Tarehe 1 Desemba, Siku ya Ukimwi Duniani. Ulibuniwa na wasanii New York mwaka 1991. Usiuchanganye na mweusi kwenye pini moja, hasa kwenye mazishi: waliokaa nyuma watasoma kuwa mnatangaza ugonjwa wa marehemu.

SWALI: Tulifunga tepe kwenye miti ya barabarani mwaka jana, bado zipo. — Mkazi, Ngala

JIBU: Zikateni leo. Utepe usioongezeka hukaba tawi linalonenepa, na rangi iliyopauka haimheshimu mtu. Safari nyingine fungeni kwa fundo la kuvuta na mwandike jina la atakayezifungua na siku yake. Msizichome moto, moshi wa poliesta ni mbaya. Zioshwe kwa sabuni ya unga kidogo, zianikwe kivulini, zizungushwe kwenye kadi bila kukunjwa. Pini ziwekeni kwenye chupa kavu yenye kifuniko, na punje chache za mchele ndani ya kunyonya unyevu.